Nunua Nyumba, Usinunue Upepo wa Ziwa

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mfanyakazi naye, azunguke mjini kutwa nzima, jioni marejeo yake ni nyumbani. Kwa hivyo si ajabu kwamba mtu akipata kazi ya maana mjini Kisumu, au akipokea kiinua mgongo baada ya miaka 30 ya kushika chaki, wazo la kwanza linalomjia ni nyumba. Wazo la pili, tena tamu kuliko la kwanza, ni nyumba iliyo karibu na ziwa. Asubuhi aende kazini, jioni akae barazani akipigwa na upepo, huku akitazama jua likizama majini. Nani asiyetaka hayo?

Huenda ukaniuliza, ndugu msomaji, "Wewe mwanafunzi unayeosha soksi zako mwenyewe bwenini, mambo ya kununua nyumba yanakuhusu nini?" Yananihusu sana, na wewe pia yanakuhusu. Pesa zinazonunua ploti mbovu ndizo hizo hizo ambazo zingelipa karo. Isitoshe, kesi ya shamba au nyumba aghalabu haimalizwi na yule aliyeianzisha. Hurithiwa na watoto, pamoja na deni la wakili. Wazazi wakikosea leo, sisi ndio tutakaopanda ngazi za mahakama kesho tukiwa na mvi.

Maoni yangu ni haya, wala sitayaficha. Afadhali nyumba kuukuu katika mtaa wa zamani, yenye hati safi na majirani wenye kumbukumbu, kuliko nyumba mpya inayong'aa ukingoni mwa maji. Na ambaye mfuko wake haufiki mtaa wa zamani, ni heri aupe ufuo kisogo apande mlimani, awe akija ziwani siku ya Jumapili kula samaki.

Hebu tuutazame mji wa Kisumu wenyewe. Reli ilifika hapo Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence. Wakoloni walijitengea Milimani, mahali pasipo mbali na ziwa lakini palipoinuka kidogo juu ya maji. Walipima viwanja vikubwa, wakachora barabara na mifereji kwanza, ndipo wakajenga. Ubaguzi wao hatuusifu hata chembe. Hata hivyo, jambo moja lafaa tulizingatie: waliokuwa na kalamu mkononi walijichagulia pakavu. Mpaka leo mkaaji wa Milimani hufika katikati ya mji kwa tuktuk au boda boda kwa muda mfupi tu, na mvua ikinyesha maji yana njia ya kupita. Lakini ukiteremka kuelekea Dunga, ardhi inashuka polepole mpaka unajikuta kwenye mafunjo. Hapo ndipo dalali anapopenda kukupeleka. Hapo ndipo bei inaposhuka ghafla, na ndipo mnunuzi anapoona kwamba bahati imemwangukia.

Bahati gani hiyo? Ziwa Victoria si beseni lenye mstari mmoja wa maji. Maji yake mengi hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, yaani Mto Nile kule Jinja nchini Uganda. Mvua ikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, mlango huo hauwezi kuyatoa maji upesi, basi ziwa hupanda. Kati ya mwaka wa 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka wa 2006 lilikuwa limeshuka sana hata watu wakaona ardhi wasiyoizoea kuiona. Kisha Mei 2020 likapanda na kufikia kiwango cha ule mwaka wa 1964. Maji yakaingia mashambani na majumbani, na ufuoni Dunga watu wakaona vibanda vyao vikisimama majini kama korongo.

Sasa fikiria ploti iliyopimwa katika mwaka wa ukame. Vigingi vimesimama, udongo mkavu, na dalali anasema, "Mzee, maji yako mbali, tazama mwenyewe!" Mnunuzi anatazama, na kweli maji yako mbali. Ila swali lake si sahihi. Asiulize maji yako wapi leo. Aulize maji yalikuwa wapi mwaka wa 2020, na kama kuna ajuza au shaibu aliyebaki, yalikuwa wapi mwaka wa 1964. Mahali ambapo ziwa limewahi kulala usiku mmoja, litarudi kutafuta kitanda chake.

Wala si Kisumu peke yake. Mtaa wa Kihoto mjini Naivasha ulijaa watu wa kazi, wengi wao wapangaji na wenye nyumba ndogo walizojenga kwa jasho. Ziwa Naivasha liliingia mtaani mwaka wa 2020, na mwaka wa 2025 likaingia tena kwa kishindo, watu wakatoka na magodoro yao kwa mashua. Waliokuwa na hati walitoka, na wasiokuwa na hati walitoka. Maji hayasomi muhuri.

Nikitaja hati, nisije nikaeleweka vibaya kwamba haina maana. La hasha! Ina maana kubwa, lakini lazima uichimbue mpaka mzizi wake. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mwenye karatasi ndiye mwenye ardhi, basi imekwisha. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 haisemi hivyo. Inasema cheti ni ushahidi wa umiliki, lakini kinaweza kupingwa kikiwa kimepatikana kwa udanganyifu, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia za ufisadi. Fauka ya hayo, Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inahesabu maziwa na mito kuwa ardhi ya umma. Ukiona mtu anakuuzia ufuo wenyewe, jiulize yeye aliuziwa na nani.

Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja kimoja karibu na ufuo wa bahari kule Mombasa. Mnunuzi alishikilia kwamba alinunua kwa nia safi na kwamba hati ilikuwa imesajiliwa. Mahakama ikaona kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya umma, tena haikugawanywa kwa njia halali tangu mwanzo. Kwa hiyo nia safi ya mnunuzi haikuweza kuiponya hati. Kiwanja hicho ni cha pwani, lakini somo lake ni la Kisumu, la Naivasha na la kila mahali penye maji. Mzizi ukioza, tawi halichipui. Kumbuka pia kwamba tume iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma ilimaliza kazi yake mwaka wa 2004, na ripoti yake ilijaa viwanja vilivyonyakuliwa kisha vikauzwa kwa watu wengine.

Basi mnunuzi afanye nini? Kwanza, asimwamini dalali anayemwambia, "Lipa leo, kesho kuna Mhindi anakuja na pesa taslimu." Maneno hayo nimeyasikia yakisemwa juu ya ng'ombe, juu ya gari na juu ya nyumba, na huyo Mhindi hajafika bado! Haraka haraka haina baraka. Aende afisi ya ardhi afanye upekuzi wa hati, ule ambao watu huuita sachi, na wakili wake apekue pia kadi ya kijani, inayoonyesha ardhi ilipita mikononi mwa nani na nani. Amchukue mpima ardhi mwenye leseni alinganishe vigingi na ramani, kwani kuna watu walioonyeshwa ploti kavu kisha wakapewa hati ya ploti ya majini.

Pili, viwanja vingi vya mitaa ya zamani mijini si vya kumilikiwa milele. Vimekodishwa na serikali kwa muda, mara nyingi miaka 99. Mnunuzi anaweza kulipa mamilioni kumbe miaka iliyobaki ni michache. Ahesabu. Aulize pia kama kodi ya ardhi na reti za kaunti zimelipwa, kwa sababu hawezi kuhamishiwa hati kabla madeni hayo hayajasafishwa. Tena asisahau ushuru wa stempu, ambao mijini ni asilimia 4 ya thamani. Nyumba ya shilingi 8,000,000 inadai ushuru wa shilingi 320,000. Pesa hizo wengi huzikumbuka wakati mfuko umeshatoboka.

Tatu, amuulize muuzaji mkewe yuko wapi, au mumewe. Tangu Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013, nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzi. Bwana anayeuza nyumba saa za kazi, bibi akiwa sokoni, huyo anauza kesi. Naye mnunuzi awe na wakili wake mwenyewe, asikubali kuazimwa wakili wa muuzaji ili kupunguza gharama. Bure ghali.

Baada ya karatasi, kuna miguu. Hapa ndipo mtaa wa zamani unapoupiku mtaa mpya. Mtaa wa zamani una mashahidi. Mama anayeuza mboga langoni kwa miaka 20 anajua mtaro upi hufurika, nyumba ipi ilinadiwa na benki, na ploti ipi ina kelele za ndugu wawili. Msalimie, nunua sukuma wiki, kaa kidogo, uliza. Nenda mara ya pili siku ya mvua, kwa viatu unavyoweza kuviosha. Tazama kuta: nyumba iliyojengwa juu ya udongo mweusi bila msingi wa kutosha hupasuka kiangazi na kuvimba masika. Nenda mara ya tatu Jumatatu alfajiri, upande matatu mpaka kazini kama mtu anayeishi hapo, uone saa inasema nini. Nyumba ya mfanyakazi si ya kutazamwa tu. Ni ya kulalia na kuondokea mapema.

Wapo watakaonipinga. Watasema, "Milimani ni kwa wakubwa. Mwalimu wa shule ya msingi atapata wapi pesa hizo?" Hoja hiyo ni nzito, wala siidharau. Lakini jibu la umaskini si kununua maji. Kuna mitaa kama Migosi na Tom Mboya iliyokaa miaka mingi na inayojulikana, na kuna miinuko ya upande wa Riat na Mamboleo ambako ziwa huliona kwa mbali, nalo haliwezi kupanda kukufuata. Kama hata huko hakufikiki, kupanga nyumba si aibu. Tena akienda kuomba mkopo, na benki au chama cha ushirika kikikataa kuipokea ploti hiyo kuwa dhamana, asikasirike. Hiyo ni nasaha aliyopewa bila malipo.

Wengine watasema kwamba mafunjo ni kichaka tu, bora yajazwe mchanga watu wapate makao. Hawa nao wamekosea. Mafunjo ya Dunga huchuja uchafu wa mji kabla haujafika ziwani, samaki huzalia humo, na kuna akina mama wanaolisha watoto wao kwa kusuka mikeka na viti vya mafunjo hayo hayo. Anayejenga humo anamnyang'anya mvuvi njia yake ya kushukia majini, kisha maji yakipanda analalamika kuwa serikali imemsahau. Ziwa ni letu sote. Mtu akizungushia ua kipande cha ufuo na kukiita chake, wenziwe wamepunguziwa.

Basi wenzangu, wanachama wa Chama cha Kiswahili, likizo ikifika tusiwe wa kula na kulala tu. Mzazi akisema amepata ploti nzuri karibu na ziwa, tumuulize kwa adabu: "Baba, maji yalifika wapi mwaka wa 2020? Mama, kadi ya kijani umeiona?" Huenda tukaambiwa watoto wa siku hizi wanajua mengi. Tustahimili. Afadhali kukemewa mezani kuliko kubeba godoro kichwani usiku wa manane. Upepo wa ziwa ni wa bure, yeyote anaweza kwenda kuupunga. Nyumba ndiyo inayonunuliwa kwa pesa, basi na inunuliwe pakavu.