Machweo Yametosha, Mchoreni Mama Karanga

Wadau, leo nawasema wachoraji wenzangu wa Kwale, na atakayenuna anune.

Tembea barabara ya Diani uangalie picha zinazouzwa. Machweo. Ndovu. Mmasai na mkuki wake, hata kama mchoraji mwenyewe ni Mdigo. Mimi mtoto wa Vanga, sijaona hata moja ya mama karanga. Hawa wanaoamka alfajiri kungoja mashua, wanagombania bei, wanaparua, wanakaanga, karo inalipwa. Mamangu ni mmoja wao.

Ukiuliza unajibiwa, "Mtalii hanunui mama wa samaki." Haya, sikiza.

Mwaka 1882, mjini The Hague, Uholanzi, Vincent van Gogh alikuwa hana kitu. Ami yake, mfanyabiashara wa sanaa, akamwagiza michoro 12 ya mandhari ya mji. Mandhari ndiyo iliyokuwa na pesa. Vincent akaichora, lakini hakuacha kuchora wanawake maskini. Alimchora Sien Hoornik, mshonaji mjamzito asiye na mume. Alichora wanawake wa Scheveningen, kijiji cha wavuvi, wakishona nyavu. Na kifaa alichokipenda? Penseli ya seremala. Ile ile ambayo fundi wa mashua hapa kwetu huibandika sikioni!

Leo watu wanapanga foleni Amsterdam kuona kazi zake. Kwa hivyo hoja ya soko msiniletee.

Wala msiniambie ni mambo ya wazungu. Mwanamke anayeinamia samaki ni wa kwetu kabla hatujasikia jina la Van Gogh. Na anayechelea kuchora sura kwa sababu ya dini, namheshimu. Mikono inayoparua changu inatosha. Mgongo ulioinama juu ya karai unatosha.

Ila sharti moja: omba ruhusa kwanza, kisha lipa. Sien alilipwa kwa kukaa achorwe. Mwaka jana kuna mtu alimpiga mamangu picha pale ufuoni bila hata salamu, akaenda zake. Huo si usanii, ni wizi.

Penseli ni shilingi chache, na akina mama wako pale kila asubuhi. Mimi Jumamosi naanza na mamangu. Ameshakubali, lakini ameapa nikimchora mnene nitakula ugali mkavu wiki nzima.

Wewe je, unaanza na nani?