Kikwembe kizee kinashinda shitingi mpya: acheni kuua bustani za Wakongo walioko Arizona

Shitingi haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kukimbia vita katika Kivu. Ndiyo nyumba, ndiyo mlango, ndiyo kitu cha kukingia maji ya mvua. Basi si ajabu kwamba Mkongo aliyepelekwa Arizona, kule Marekani, akisikia kuwa usiku wa leo utakuwa na baridi ya kuua mboga, anakimbilia shitingi. Anaitandaza juu ya nyanya na matembele, anaweka mawe pembeni, anakwenda kulala. Asubuhi majani yaliyogusana na plastiki yamekuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyotoka kwenye maji ya moto.

Na bado wapo watu wanaoendelea kumwambia afanye hivyohivyo mwaka unaofuata.

Ushauri huo unatoka kwa watu wa heshima: mzee wa jumuiya, shemeji aliyetangulia miaka mitano, mara nyingine hata msimamizi wa bustani ambaye mikono yake haijawahi kushika jembe. Wanasema mambo mawili. La kwanza, Arizona ni jangwa, na jangwa ni joto, usiogope. La pili, baridi ikija, funika na plastiki. Yote mawili ni makosa, na wanaoyalipia ni kina mama wanaolima kwa ajili ya sufuria.

Jambo hili si dogo. Kwa miaka kadhaa Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao walitokea Nyarugusu, Nakivale na kambi nyingine za jirani. Kuna waliopelekwa Phoenix na Tucson. Huko wanapata vipande vya ardhi katika bustani za pamoja, wanapanda lengalenga, bamia, matembele, maharage, hata mihogo kwa ajili ya sombe. Sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 inawaondoa kwenye msaada wa chakula wa serikali wakimbizi ambao bado hawajapata kadi ya ukaaji wa kudumu. Kwa familia ya namna hiyo, kipande cha bustani ni chakula. Na pesa inayotolewa dukani Tucson kununua mboga ni pesa ambayo haitafika kwa jamaa walioko Sake au Minova. Kwa hiyo anayelala chini ya shitingi huku Kongo ana sababu ya kufuatilia kinachofanyika chini ya shitingi kule Arizona.

Tuanze na huo uongo wa joto. Tucson iko kwenye mita 700 na kitu juu ya usawa wa bahari. Goma iko kwenye 1,500, mara mbili yake, na hakuna mtu Goma aliyeamka akakuta umande umegeuka barafu juu ya majani ya maharage. Kwa Kiswahili cha vitabu barafu hiyo inaitwa jalidi. Tofauti ni kwamba Goma iko karibu na ikweta na ina ziwa na mawingu. Tucson iko mbali kaskazini, usiku wake wa Desemba ni mrefu, hewa ni kavu na anga ni tupu. Ni hayohayo mawingu ambayo watu wa Kivu wanayalalamikia yanayokuwa kama blanketi juu ya nchi. Jangwa halina blanketi hilo. Jua likizama, joto la ardhi linapanda moja kwa moja kwenda angani na halirudi. Ndiyo sababu Januari mchana mtu anavaa shati tu, nyuzi 18 au 19 za Selsiasi, na alfajiri ya siku hiyohiyo maji ya mbwa yameganda kwenye bakuli. Tarehe 3 Februari 2011 Tucson ilishuka hadi karibu nyuzi 8 chini ya sifuri, mabomba ya maji yakapasuka, na maelfu ya nyumba za kusini mwa Arizona zikakosa gesi ya kupasha joto. Hilo ndilo jangwa ambalo watu wanaambiwa wasiliogope.

Wenyeji wenyewe wanajua. Pita mitaa ya Tucson usiku wa baridi, utaona mimea ya miiba imevishwa vikombe vyeupe vichwani kama kofia. Mgeni anacheka. Lakini ncha ya mmea ndiyo changa, ndiyo inayoungua kwanza, na mwenyeji ameikinga kwa kikombe cha kahawa.

Sasa mtego wa pili, ambao hakuna msimamizi anayejisumbua kuueleza: namba. Marekani hawapimi joto kwa Selsiasi. Wanatumia Fahrenheit, na katika kipimo hicho maji yanaganda kwenye 32. Kwa Mkongo, 32 ni mchana wa Kinshasa, ni jasho na maji baridi. Mama anafungua simu, anaona usiku wa leo ni 32, anashukuru Mungu, analala. Kesho hana bustani. Anayegawa vipande vya ardhi kwa watu waliotoka Fizi na Uvira bila kuwaambia habari ya namba hiyo moja amewapa jembe akawafumba macho. Tena si 32 tu ya kuogopa. Kipimo cha hali ya hewa hupimia juu kidogo ya ardhi, na jani lililotazama anga tupu hupoa kuliko hewa iliyopimwa. Simu ikisema 36 na hakuna upepo wala wingu, funika.

Funika na nini? Hapa ndipo waliolala Kanyaruchinya wangeweza kuwafundisha wataalamu. Mtu aliyelala chini ya shitingi, miguu ya Nyiragongo, anajua kwamba plastiki inazuia mvua lakini haizuii baridi. Anajua matone yanayodondoka alfajiri kutoka upande wa ndani. Anajua pia kwamba ukiegemea ukuta wa shitingi usiku, ubavu huo ndio unaoganda. Jani nalo ni hivyo. Likigusa plastiki, baridi ya nje inaingia ndani yake bila kizuizi. Kilichookoa watoto katika kambi zile usiku ni blanketi na kikwembe. Nyanya inataka hichohicho: shuka kuukuu, blanketi lililochakaa, gunia, kikwembe ambacho hakifai tena kuvaliwa hadharani.

Kikwembe hicho kinapaswa kuanikwa juu ya vijiti au viti vilivyopinduliwa ili kisilale juu ya majani, na kishuke mpaka chini, kizibwe kwa mawe pande zote. Hilo la kushuka chini wengi hawalielewi. Joto linalookoa mmea linatoka ardhini. Nguo inalizuia tu lisitoroke. Mtu anayechukua blanketi akalifunga kwenye shina la mlimau kama mama anayefunga kitambaa kichwani ameacha joto lote la ardhi lipite pembeni. Mti wake umevaa vizuri na utakufa vizuri.

Kufunika kufanyike kabla ya jua kuzama, ardhi ikiwa bado na joto lake. Mchana wake mwagilia udongo, si majani: udongo wenye unyevu hushika joto la jua kuliko udongo mkavu na hulitoa polepole usiku. Mawe meusi yaliyopangwa kando ya mimea nayo husaidia. Mtu wa Goma anajua jinsi jiwe la volkano linavyobaki na uvuguvugu jioni.

Haki itendeke kwa shitingi pia: ina kazi yake. Mvua ikitishia, itandazwe juu ya kikwembe, kwa sababu nguo ikilowa haisaidii tena. Lakini isiguse jani, na jua likipanda iondolewe haraka. Jua la jangwa chini ya plastiki hupika mmea uleule ulioponea baridi. Kuna bustani zilizouawa hivyo saa nne asubuhi, mwenye nazo akiwa kazini, na lawama ikaenda kwa usiku.

Kazi, ndiyo. Wakongo wengi kule wanatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kusafisha hoteli au kupakia mizigo. Wanapita bustanini, wanafunua, wanaondoka wakidhani usiku umekwisha. Baridi ya jalidi haiishi na usiku. Saa yake mbaya kabisa ni karibu na kuchomoza kwa jua, na anayefunua wakati huo ameivua mimea yake nguo wakati inazihitaji zaidi. Afadhali jirani asiye na zamu afunue bustani za watu wote saa tatu. Katika vijiji vya Kivu, kulindiana shamba hakukuhitaji mkutano. Sijui nani aliwaambia watu kwamba Marekani kila mtu afe na kipande chake.

Na kuna balaa lingine linalozaliwa hapo. Usiku mmoja bustani ya fulani inaungua yote, ya jirani yake hatua 40 juu inabaki kijani. Maneno yanaanza. Nani alipita jana? Nani aliyeziangalia sana nyanya za mwenzake? Watu waliovuka mipaka mitatu pamoja wanaacha kusalimiana. Hapana mchawi hapo. Hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kutuama mahali pa chini. Bonde la Tucson limezungukwa na milima, na usiku baridi inashuka na kufuata mito mikavu kama Rillito na Santa Cruz. Mwenye kipande cha bondeni anapata baridi ya wote walio juu. Anayepanga bustani angepaswa kuliona hilo kabla ya kugawa viwanja, na mahali pa chini papandwe shu, karoti na vitunguu, ambavyo baridi ya kiasi haivitishi.

Neno moja kali kwa wanaoshauri babula. Usiweke babula ya makala chini ya nguo kupasha mimea joto, kisha baridi ikizidi ukaiingiza chumbani kwa watoto. Chini ya nguo italeta moto. Chumbani, moshi usioonekana wa makala huua familia nzima ikiwa usingizini. Nyanya hupandwa tena.

Lakini kosa kubwa kuliko la shitingi ni la kalenda. Kivu msimu A unaanza Septemba, na mkono wa mkulima unakumbuka hata kichwa kikisahau. Mtu anafika Tucson, Septemba inaingia, anapanda maharage yake ya kupanda mtini. Yanachukua miezi mitatu au zaidi. Katikati ya Novemba yana maua, na hapo ndipo jalidi ya kwanza inapoanza kutazamiwa. Nguo haiwezi kuokoa kosa hilo kila usiku hadi Machi. Shuka huongeza nyuzi chache tu. Usiku kama ule wa 2011 hucheka shuka. Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa hilo, walipanda maharage yao na mvua za Julai wakavuna kabla ya baridi. Hawakuwa na plastiki. Walikuwa na majira.

Elimu hii haikosekani. Chuo Kikuu cha Arizona huwapa wakulima maelezo ya jalidi bure. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama bustanini Oktoba, aseme kwa Kiswahili kinachoeleweka: 32 si joto, funika kabla ya jua kuzama, nguo ifike chini, plastiki isiguse. Ni dakika kumi. Wenye bustani hizo hupata muda wa kupiga picha za kina mama wakiwa na vikapu vilivyojaa; dakika kumi zipo.

Kwa walioungua tayari: usikate. Matawi meusi yanaumiza macho, lakini ndiyo yanayokinga sehemu iliyo hai chini yake, na ukikata Januari mmea unatoa machipukizi mapya yatakayouawa Februari. Ngoja mpaka Machi iishe. Kisha kwaruza gome la muhogo kwa ukucha, ukianzia juu ukishuka, mpaka uone kijani, ukate hapo. Mara nyingi kijani kipo chini kabisa, karibu na udongo, na sombe huanza tena kutokea hapo.