Fuvu la Olduvai Halimfukuzi Mungu



Waumini wapenzi, juma hili tunalazimika kuzungumzia jambo linalonong'onwa katika baadhi ya jumuiya zetu ndogo ndogo. Familia moja ilitumia likizo kuwapeleka watoto Dar es Salaam, na huko ikawaingiza Makumbusho ya Taifa. Watoto wakarudi na habari za Zinjanthropus. Badala ya kupongezwa, wazazi wakaambiwa kwamba wamewalisha watoto wao ukafiri. Maneno hayo hatuyakubali, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, wanaolaumu hawakijui wanachokilaumu. Fuvu lile lilivumbuliwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959 katika bonde la Olduvai, ng'ambo ya Serengeti, yaani karibu na sisi watu wa Mara kuliko na watu wa Dar es Salaam. Umri wake ni miaka ipatayo milioni 1.75. Tunasikia watu wakilalamika kwamba makumbusho yanamwita kiumbe huyo babu yetu. Wataalamu wa leo hawafundishi hivyo. Wao humweka katika tawi la pembeni, lililotoweka bila kuacha uzao. Ni aibu kwa Mkristo kupigana na neno ambalo halikusemwa.

Pili, wanaolaumu hawayajui mafundisho ya Kanisa lao wenyewe. Papa Pius XII, katika waraka wa Humani Generis wa mwaka 1950, hakuwakataza wataalamu kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe hai vilivyotangulia. Alichosisitiza ni kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe, moja kwa moja. Tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo II aliiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi akikiri kwamba nadharia ya mageuko imekwisha kuvuka kiwango cha dhana tupu. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji alieleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Mtawa Gregor Mendel aligundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere katika bustani ya monasteri. Je, hao nao tuwaite makafiri?

Wapo watakaotufungulia kitabu cha Mwanzo. Nasi tunakisadiki chote. Lakini Mwanzo kinatufundisha ni nani aliyetuumba na kwa upendo gani. Hakikuandikwa ili kiwe kalenda ya mawe na mifupa.

Tatu, na hili ndilo linalotuumiza. Watoto hawa watakwenda sekondari na kukutana na somo la mageuko katika Baiolojia. Tukiwa tumewaambia tangu utotoni kwamba ni lazima wachague kati ya Mungu na mwalimu wao, wengine watamchagua mwalimu, na Kanisani hatutawaona tena. Siku hiyo tusilisingizie fuvu. Tutakuwa tumewafukuza sisi wenyewe.

Hatusemi hayo ili kuwafurahisha wale wanaodai kwamba mifupa imemwondoa Mungu. Nao wanapotoka. Mfupa waweza kupimwa umri na ukubwa; hauwezi kutuambia kwa nini mtu husamehe, husali, au hufa kwa ajili ya mwenzake. Kitabu cha Hekima, sura ya 13, kinawashangaa watu waliochunguza kazi wasimtambue Fundi. Kosa lao lilikuwa kuishia njiani. Kutazama kazi hakukuwa dhambi.

Basi, wazazi, tunajua kuchangishana mamilioni kwa ajili ya sherehe ya siku moja. Tutenge kidogo kwa ajili ya akili za watoto. Asiyemudu nauli ya Dar es Salaam anayo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere hapa hapa Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Waende, waulize, wabishe. Wakirudi na maswali magumu, tusiwafokee. Tuwaleteni parokiani, tuyajibu pamoja. Imani inayoogopa fuvu moja la Olduvai itasimamaje mbele ya kaburi tupu la Yerusalemu?

Mungu awabariki nyote.