Simu yako ni ya kampuni gani si hoja. Hoja ni kama bado inapata sasisho

Chepilat ni soko moja hata kama kaunti ni mbili, na maswali tunayopata kwenye meza yetu siku ya soko yanafanana pande zote za barabara. Tecno au Samsung? Opera Mini au Chrome? Ile iPhone ya mtumba ni ya maana ama ni maringo tu? Leo tunajibu wazi, na kama kuna kampuni itanuna, inune.

Tunajibu sasa kwa sababu ya chai. Mwaka wa wakulima wa KTDA hufungwa Juni, na bonasi mara nyingi huingia karibu na Oktoba. Anayepeleka majani Nyansiongo anajua hiyo ndiyo pesa ya karo, ya mabati, ya ng'ombe wa pili. Matapeli nao wanajua. Msimu huo ndio utaona ujumbe wenye kiungo unaodai bonasi yako imekwama, bonyeza hapa uthibitishe. Ukibonyeza, kitakachokulinda kwanza ni akili yako. Kitakachofuata ni kile kivinjari na ule mfumo endeshi ambao hujawahi kuufikiria.

Kwa hivyo tuanze na mfumo. Android ni ya Google, na karibu kila simu ya kupapasa utakayoiona sokoni inaitumia. Wezi wakipata tundu, Google hutengeneza kiraka. Lakini kiraka hicho lazima kipitie kwa kampuni iliyounda simu yako, na hapo ndipo mambo hukwama. Kampuni ikishauza simu ya bei ya chini, haioni faida ya kuendelea kuihudumia. Simu inabaki inawaka, inapiga, inachukua picha, na mwenyewe anaamini iko sawa. Hiyo ni sawa na ua wa michongoma uliotobolewa na hakuna anayeziba: ukiwa barabarani unaona kijani tu.

Angalia yako saa hii. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, usome toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama. Kama tarehe hiyo ni ya miaka miwili au mitatu iliyopita, simu yako imeshaachwa. Usijali jina lililoandikwa mgongoni.

Kuachwa kwenyewe huja kimyakimya. Mwezi Agosti 2025, Chrome 139 ilitoka ikitaka Android 10 kwenda juu. Wenye Android 8 na 9 hawakupigiwa simu. Chrome yao bado inafunguka, ila imesimama palepale na haizibwi tena. Ukiwa hapo, maoni yetu ni uweke Firefox, maana Google ilipofunga mlango huo, Firefox bado iliwakubali watu wa Android 8. Tena inakuruhusu kuongeza kizuia matangazo, kitu ambacho Chrome ya simu haitoi, na sababu si ngumu kuiona: Google inaishi kwa matangazo. Tusiifanye Firefox malaika pia. Sehemu kubwa ya pesa za Mozilla hutoka kwa Google yenyewe, kwa kuiweka iwe ndiyo injini ya kutafutia. Anayekupinga huku unamlipa mshahara, huyo ni mpinzani wa aina yake.

Sasa Opera Mini, na hapa tunajua tutawaudhi wazee wetu na vijana pia. Kwa miaka mingi hiki ndicho kivinjari kilichowaingiza watu wetu kwenye intaneti. Kilianza 2005, kikakimbia kwenye simu za vitufe, kikafanya bando dogo lifike jioni. Tunakiheshimu. Lakini elewa kinavyobana data: kwenye hali ya kubana sana, ukurasa hauji kwako moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye kompyuta za Opera, unafunguliwa huko, unapunguzwa, kisha unatumwa kwako. Kwa kusoma matokeo ya mpira au bei ya mahindi, haina shida. Kwa kuandika nywila ya benki, hapana. Ufunguo wa nyumba hupitishi kwa jirani hata kama ni jirani mwema.

Na kampuni yenyewe ilibadilika. Kivinjari cha Opera kilinunuliwa na kundi la wawekezaji wa Kichina mwaka 2016. Baadaye Opera ikaingia kwenye mikopo ya simu, na Wakenya walizijua programu zake za OKash na OPesa. Januari 2020 kampuni ya uchunguzi ya Marekani, Hindenburg Research, ilidai kwamba mikopo hiyo ililipishwa kwa muda mfupi kuliko siku 60 ambazo Google ilikuwa imeziweka kuwa kiwango cha chini kwenye duka lake. Opera ilikanusha, ikasema ripoti ina makosa mengi. Sisi hatukai kortini. Tunachosema ni kwamba kivinjari cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe ana biashara zake nyingine. Ijue hiyo biashara kabla hujamwachia kila unachokifungua.

Phoenix, kile kinachokuja tayari ndani ya simu nyingi za Tecno, Infinix na itel, tutakimaliza haraka. Kelele za arifa, habari za udaku, matangazo juu ya matangazo. Kizime.

Kuhusu simu zenyewe, Transsion ya Shenzhen ndiyo mama wa hizo chapa tatu, na inastahili sifa. Ilitengeneza simu za laini mbili, betri ya kudumu na kamera inayoonyesha sura ya mtu mweusi vizuri, wakati wakubwa wengine walikuwa hawatuoni. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Upstream walieleza kwamba walikuta programu hasidi, Triada na xHelper, kwenye simu za Tecno W2 katika nchi kama Ethiopia, Ghana, Misri, Kamerun na Afrika Kusini. Zilikuwa zinajaribu kumwandikisha mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua, na salio linaisha. Transsion ilisema tatizo liliingizwa na mtu mwingine kwenye safari ya kutengeneza simu. Inawezekana. Kwa mama aliyeweka muda wa maongezi asubuhi akakuta sifuri saa sita, maelezo hayo yanamsaidia nini?

iPhone je? Apple hupeleka masasisho kwa simu zake zote siku moja bila kungoja mtu, na kwa muda mrefu kuliko Android nyingi. Hapo imewashinda wengi. Shida ni ile inayouzwa huku kwetu. iPhone 6 ni ya 2014, iliishia iOS 12, na tangu Mei 2025 hata WhatsApp haiikubali. Ukimwona kijana ameuza mbuzi wawili anunue hiyo, mwambie pole.

Nenda sasa kwenye saiba, maana huko ndiko watu wengi wa hapa hujazia KRA, eCitizen na HELB. Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya mwaka mmoja ipo kwa anayejiandikisha. Kompyuta nyingi za saiba ni za mtumba kutoka Uingereza, na zile za zamani Windows 11 inazikataa kwa masharti yake ya vifaa. Mashine nzima, inafanya kazi, inaambiwa ni takataka. Sisi tunaona hiyo ni dharau. Wenye saiba, jaribuni Ubuntu au Linux Mint. Ni bure, zinapata viraka, na kwa kazi ya kivinjari na kuchapisha karatasi mteja hataona tofauti kubwa. Ubuntu yenyewe ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, kwa hivyo hata si kitu cha mbali.

Wewe mteja wa saiba, Chrome ikikuuliza kama ihifadhi nywila, kataa. Hali fiche inasaidia kiasi: historia haibaki kwenye ile mashine. Lakini haikufichi kwa tovuti unazofungua, na haizuii programu ya kunasa unachochapa. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa sababu watu walidhani hali fiche inawaficha kabisa, na 2024 ikakubali kufuta rundo la data ilizokuwa imekusanya. Ukimaliza kazi, toka kwenye akaunti mwenyewe. Usimwachie kijana wa saiba, hata akikuita mama.

Basi pesa uzifanyie wapi? Tuna programu yetu ya simu na tunataka uipakue, tusidanganyane. Lakini kama simu yako ni ya Android 7, 8 au 9 na sasisho la mwisho limezeeka, acha programu, tumia menyu ya laini au msimbo wa nyota na reli. M-Pesa ilianza Machi 2007 kwenye simu za vitufe kwa njia hiyohiyo, na mpaka leo haihitaji kivinjari wala bando. Haina sura nzuri na ukichelewa inakukatia. Lakini hakuna kiungo cha kubonyeza na hakuna ukurasa wa bandia. Mwizi atalazimika kukupigia akuombe namba ya siri kwa mdomo wake, na hapo unaweza kumkatia simu.

Tundu linalobaki ni la mtu kubadilisha laini yako kwa jina lako. Wenye laini ya Safaricom, piga *100*100# ili laini isibadilishwe bila wewe kufika dukani na kitambulisho. Fanya hivyo kabla ya Oktoba.