Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Methali hii twaitamka kila siku hapa visiwani, lakini ni wachache wanaoikumbuka wanapokuwa wageni wao wenyewe. Wenzetu wengi, watumishi wa Serikali na wananchi wa kawaida, huvuka bahari na kupanda milima ya Usambara: wengine kwa ziara za kazi, wengine kusoma katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoko Lushoto, na wengine kukimbia joto la pwani. Huko hualikwa majumbani kwa chakula cha jioni, na Wasambaa hawafanyi mzaha na heshima ya mgeni.

Ukarimu huo una gharama. Mkulima wa Mlalo au Bumbuli, mwenye kipande cha viazi na maharage kwenye mteremko, hana ghala la akiba. Kuku anayemchinjia mgeni pengine ndiye aliyetarajiwa kuuzwa ili mtoto apate daftari. Kwa hiyo mtumishi aliyealikwa peke yake, kisha akafika na dereva, karani na marafiki wawili, hakuongeza furaha ya nyumba ile. Amepunguza chakula cha watoto wanaongoja jikoni. Mwenyeji hatalalamika, atatabasamu na kusema "Karibuni". Kunyamaza kwake ni adabu, wala isidhaniwe kuwa ni ridhaa.

Historia ya milima hiyo yenyewe inatufunza. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, chasimulia jinsi Mbega alivyofika Usambara akiwa mgeni na mwindaji. Aliwagawia wenyeji nyama ya mawindo, nao wakampa vyakula vya mashamba yao. Mgeni huyo aliyekuja na mkono wa kutoa ndiye waliyemfanya mtawala wao.

Basi mgeni wa leo hana budi kutoa taarifa mapema ya siku na idadi ya watakaofika. Awasili kabla ya giza, kwani njia za milimani ni za miteremko na usiku wake ni wa baridi. Achukue zawadi ndogo ya kwao, kama vile tende au papa mkavu, amkabidhi mama wa nyumba. Asitoe fedha baada ya kula kana kwamba yuko hotelini. Akiandaliwa ugali na maharage, ale kwa shukrani, asiulize pilau. Na asiwe na wasiwasi usio na sababu. Milimani Waislamu na Wakristo huishi katika ukoo mmoja, na ni desturi ya mwenyeji Mkristo kumwomba jirani Mwislamu achinje ili wote wale. Mwenye shaka aulize mapema na kwa upole, si mbele ya sahani.

Kwa watumishi wa Serikali tunaongeza neno moja. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkanya kiongozi asiwe na majivuno wala dharau. Kumfikia mwananchi ghafla, ukitazamia akuandalie karamu kwa sababu ya cheo chako, ni dharau iliyovikwa vazi la ugeni. Vilevile, mtu mwenye shauri mezani kwako akikualika chakula, mwombe radhi kwa heshima mpaka shauri lake liishe. Chakula kinachofuatwa na ombi ofisini asubuhi yake si ukarimu tena.

Wenyeji nao waseme wazi siku na saa, badala ya "karibu siku moja" isiyojulikana ni lini. Tena wasialike wakubwa peke yao na kumsahau jirani.

Hatimaye, Msambaa akishuka milimani akavuka kuja Unguja au Pemba, tumtandikie jamvi na kumwekea sinia kwa moyo ule ule aliotupokea nao. Hapo ndipo mwenyeji atakapopona kweli, na mgeni pia.