Kijana wa Mnyuzi na Shahada ya Sheria ya Ng'ambo

Umezuka mtindo wa kumwambia kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa alama hafifu kwamba mlango wa kusomea sheria umefungwa hapa nchini, lakini ng'ambo uko wazi. Mawakala wa vyuo vya nje wameyafikisha maneno hayo hata Mnyuzi, wilayani Korogwe, pale reli ya Tanga inapokutana na ile ya kutoka Ruvu. Mzazi mkulima hushawishika kuuza shamba ili ada ipatikane.

Lazima isemwe wazi kwamba alama hafifu si fedheha. Aliyepata D mbili katika shule yenye uhaba wa walimu na vitabu huenda ana akili kumshinda aliyepata B kwa masomo ya ziada ya kulipia. Wala si kweli kwamba mlango umefungwa. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ni ufaulu wa masomo mawili kwa jumla ya pointi 4, na D moja ni pointi 2. Kila chuo kina hiari ya kudai zaidi kwa fani ya sheria, na vingi hudai. Lakini hilo ni jambo la kuuliza chuoni, si kwa wakala.

Tena sheria si kama udaktari. Mfupa wa paja ni uleule Tanga na London, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo mwananchi wa Mnyuzi huihitaji anapogombania mpaka na shamba kubwa la mkonge, haifundishwi Delhi. Marekani, sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza. Kwa hiyo mtoto wetu atatumia miaka 7, na alama zake za chuo zitapimwa upya pamoja na mtihani maalumu wa kuingilia.

Na kurudi je? Shahada ya nje lazima itambuliwe na Tume hiyo. Kisha mwenye nia ya uwakili huingia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Matokeo yake ya Oktoba 2022 yalitikisa nchi: katika watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Humo walikuwamo waliosomea sheria za hapa hapa. Atakuwaje basi aliyekesha miaka mitatu akikariri za wenzetu?

Jirani zetu wa Kenya wameyaonja hayo. Vijana waliovuka kwenda Uganda kutafuta shahada ya sheria walirudi wakakuta shule ya uwakili ya kwao, kwa sheria ya mwaka 2012, inawadai alama zilezile za sekondari walizozikimbia. Mashauri yakafika mahakamani.

Kwa kijana wa Mnyuzi ipo njia ya karibu mno. Apite Korogwe na Mombo, apande mlima hadi Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, asome cheti au stashahada ya sheria. Stashahada nzuri humfikisha chuo kikuu, akiwa amekwisha kuzoea lugha ya mahakama zetu. Ni kasumba tu inayotufanya tuone Lushoto ni padogo.

Hata hivyo, anayeshikilia kwenda nje asizuiwe. Aandike maombi mwenyewe, asimwachie wakala. Alama zake azitaje kama zilivyo, maana matokeo ya Baraza la Mitihani huhakikiwa. Aeleze kwa sentensi mbili tu kilichomkwamisha, bila kulaumu walimu, kisha aeleze kwa kirefu alichofanya tangu hapo. Naye mzazi, kabla hajauza hata ekari moja, aiulize Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa, na jibu alipate kwa maandishi.