Setilaiti bado zashindwa na theluji nene ya milimani

APRILI 1, 2015, Gavana wa California, Jerry Brown, alisimama juu ya nyasi kavu katika milima ya Sierra Nevada, mahali ambapo tarehe hiyo huwa pamefunikwa na theluji, akaagiza matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Mwaka 2023, tarehe kama hiyo, vituo vya upimaji vya jimbo hilo la Marekani vilikuta theluji yenye wastani wa maji unaozidi milimita 1,500. Mvua na kuyeyuka kwa theluji hiyo kulilirudisha Ziwa Tulare, likameza mashamba.

Kwa jimbo linalopata takriban asilimia 30 ya maji yake kutokana na theluji, hesabu hiyo si anasa. Ajabu ni kwamba setilaiti, ambazo zimekuwa zikipima theluji kwa maikrowevu tangu 1978, haziwezi kuitoa.

Ardhi hutoa maikrowevu hafifu, na chembe za theluji huyatawanya yakipanda. Mawimbi ya gigahezi 37 hutawanywa zaidi kuliko ya 19, hivyo tofauti kati yake hudokeza kiasi cha theluji. Katika tambarare za Siberia na Kanada njia hiyo husaidia. Lakini theluji ikifikia maji ya takriban milimita 150, tofauti hiyo huacha kuongezeka. Theluji ikilowa, alama hupotea. Isitoshe, ramani zake hugawanywa katika miraba ya kilomita 25, ambamo kilele na bonde huhesabiwa kitu kimoja.

Kwa maneno mengine, chombo hufumba macho pale pale penye maji mengi.

Rada ingeweza kusaidia. Hata hivyo, mwaka 2013 Shirika la Anga la Ulaya liliuacha mradi wa rada ya theluji, CoReH2O, likachagua Biomass, setilaiti ya kupima misitu iliyorushwa Aprili 2025. Uamuzi huo unaeleweka, kwani misitu ya Kongo nayo ilikuwa haijapimwa vya kutosha, lakini watu wa milimani ndio walioulipia.

Matumaini mapya yako kwa NISAR, rada ya Marekani na India iliyorushwa Julai 30, 2025. Mawimbi yake marefu hupenya theluji kavu na kucheleweshwa nayo, na ucheleweshaji huo hulinganishwa kila baada ya siku 12. Hata hivyo, hueleza mabadiliko, si jumla iliyolala ardhini, na unyevu huvuruga hesabu. Kwa hiyo wapimaji wa Sierra bado huchomeka mirija yao thelujini, wakisaidiwa na ndege zenye leza.